Picha Moja Iliyobaki

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilichota maji kidogo kwenye pipa la mvua nyuma ya nyumba yangu hapa Bukavu. Nikaweka tone moja chini ya hadubini, nikaegemeza simu kwenye jicho lake na kuanza kupiga picha. Jirani yangu alikuwa anapita kwenda kuanika nguo. Alisimama, akaona vijidudu vikizunguka kwenye kioo cha simu, akaniuliza nani alinifundisha mchezo huo. Nilimjibu kwa kifupi kwamba ni mwalimu mmoja wa kule mjini Baraka, kwa sababu nguo zake zilikuwa zinadondosha maji. Lakini wewe una nafasi ya kukaa, basi nikueleze vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, katika vile vita vya pili vya Congo. Nilikaa na bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita koko, pembeni ya mji wa Baraka, kando ya ziwa. Mama alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma kuuza ndagala, yaani dagaa, vita vikamfungia huko. Shule ilikuwa imefungwa. Kila wiki nyumba moja ya mtaa wetu iliamka tupu, mlango umefungwa kwa kamba, kuku wameachwa wanazunguka uani. Watoto niliocheza nao waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, maana wazazi waliogopa habari zisije zikawafikia wenye bunduki. Nilikuwa nafunga kamba ya kuruka upande mmoja kwenye mpapai, upande mwingine naushika mwenyewe, lakini ukishika kamba huwezi kuiruka. Basi nilikuwa naizungusha tu.

Mama alikuwa ametuma ujumbe kwa wavuvi kwamba tumfuate. Koko hakutaka. "Mihogo yangu iko mu maji," alisema. "Nitaiachia nani?" Ikitolewa hiyo na kuanikwa, aliweka mingine. Aliiloweka kwenye dimbwi lililokuwa chini ya shamba, maji ya kijani yenye harufu kali ya uchachu, na kazi yangu ilikuwa kwenda kila asubuhi kubonyeza mihogo kwa kidole kuona kama imelainika. Harufu ile haikutoka mikononi hata ukiosha kwa majivu. Mpaka leo bugali wa muhogo ukinikaribia puani, ninarudi dimbwini.

Ng'ambo ya dimbwi alikaa mwalimu wa biolojia wa sekondari. Wanafunzi walimwita Prof. Mke wake na watoto walikuwa wameshapanda mtumbwi, yeye akabaki kulinda nyumba. Shule ilipofungwa alichukua hadubini ya darasani, akaificha ndani ya gunia la makaa ili isiibwe. Siku moja alikuja kwetu na chupa tupu mkononi.

"Mama, naomba maji kidogo ya dimbwi yako."

"Ile inanuka," koko akamwambia. "Kisima iko pale."

"Ile yenye kunuka njo mi nataka."

Koko alicheka, jambo lililokuwa adimu siku zile, akaniambia nimpelekee. Nilimpelekea siku hiyo, na kesho yake, na kila siku baada ya hapo.

Prof aliweka hadubini dirishani, akageuza kioo chake kidogo kikamate jua. Mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Kisha nikaona watu. Nakwambia watu, kwa sababu ndivyo nilivyohisi: mtaa mzima umejaa, kila mmoja ana safari yake, wanagongana, wanapishana, wanakula. Wengine walikuwa kama nyayo za viatu zinazoteleza. Niliowapenda kuliko wote walikuwa wamejishika kwenye mizizi ya magugu madogo yanayoelea, kila mmoja kama kengele kwenye uzi mrefu. Ukigusa meza, nyuzi zote zinajikunja mara moja. Ukinyamaza, zinanyooka tena polepole, kengele moja baada ya nyingine.

Prof alikuwa na apareyi ya picha, kamera ya zamani. Aling'oa lenzi yake, akatengeneza shingo kwa kopo la maziwa, akaiunganisha na jicho la hadubini na kufunika kwa kitambaa cheusi. Mkanda ulikuwa mmoja, na duka lililouza mikanda lilikuwa limeshaporwa. Kwa hiyo kila picha tuliisubiri siku nzima, wakati mwingine siku mbili. "Usipumue," alikuwa akiniambia, halafu klak. Nyingine ziliharibika hivyo hivyo, maana gari la askari lilipita barabarani na kengele zikajikunja. Sikuchoka. Nilikuwa sina pengine pa kwenda, na mle ndani ya tone hakuna aliyekuwa anaondoka.

Siku mkanda ulipobaki na picha moja, Prof aliniambia hiyo ni yangu, niichague mwenyewe. Nilikimbia kumwambia koko. Asubuhi yake alitokea kwa Prof amevaa kikwembe, kitenge chake cha Pasaka, na kilemba, amejipaka mafuta mpaka uso unang'aa. Akakaa kwenye kiti cha uani, akaweka mikono magotini.

"Mi sijapigwa foto tangu ndoa yangu," alisema. "Nipige, mama yako aone niko muzima."

Prof alinitazama mimi. Ndani, dirishani, kengele tatu zilikuwa zimenyooka, nzuri kuliko tulizowahi kupata, jua limekaa sawasawa. Nilijua ikitolewa apareyi pale, hatutazipata tena.

"Koko, yako tutapiga kesho," nikasema. "Prof atatafuta mukanda ingine."

Prof aliinamisha kichwa. Alijua hakuna mkanda mwingine, na mimi nilijua.

"Aya," koko akajibu. "Mi siende fasi yoyote. Niko tu hapa." Akainuka, akakunja kikwembe kisiguse vumbi, akarudi kwenye mihogo yake. Mimi nikaingia ndani, nikazuia pumzi, nikabonyeza.

Siku chache baadaye risasi zilianza upande wa Lweba kabla ya saa sita mchana. Prof alitoa mkanda, akaufunga kwenye mfuko wa nailoni, akauweka kiganjani mwangu. "We iko na miguu," akasema. Yeye aliingia ndani kuchukua hadubini. Sikumwona tena, wala sijapata mtu wa kuniambia alifika wapi.

Mimi na koko tulitembea siku nyingi kuelekea Kazimia, kwenye mitumbwi ya kuvuka ziwa. Koko aliharisha njiani, na tulipofika hakuweza kuinuka. Wamama wa pale walinisaidia kumzika, wakanipandisha mtumbwi pamoja na watoto wao.

Mama alinipokea Kigoma. Nilipomtolea ule mkanda, alinipeleka kwa mpiga picha mjini, na siku ya kuchukua picha alikuwa na haraka kuliko mimi. Nyingi zilikuwa giza tupu. Chache zilionyesha vivuli. Ya mwisho ilikuwa safi kabisa, kengele tatu, kila uzi unaonekana. Mama alizipitia zote, akazirudia tangu mwanzo, akageuza mpaka migongo yake.

"Na ya mama yangu iko wapi?"

"Iliungua," nikasema.

Hakuuliza tena. Alizipanga sawa, akanirudishia. Miaka mingi tuliishi pamoja baada ya hapo, tulilima, tukarudi Congo, na mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilikuwa naona afadhali kesho. Mama alifariki kabla ya hiyo kesho.

Nimeshafika Baraka tangu wakati huo. Dimbwi limejazwa udongo, zimejengwa nyumba za matofali, na vijana niliowauliza hawajui kwamba kulikuwa na maji pale. Hilo ningeweza kulizoea. Lisilonipa raha ni kwamba koko alikuwa na pengo la jino moja la mbele, lililoonekana akicheka tu, na sikumbuki tena kama lilikuwa upande wa kushoto au wa kulia. Wote ambao ningewauliza wamekwisha.