Shibiri Tano na Vidole Vitatu

Wapo watu wa kukasirika haraka na kupoa haraka. Fundi huyu wa nguo za kike hakuwa mmoja wao. Hasira yake ilikuwa ya makaa, huchelewa kushika, lakini ikishika ukoo mzima unaota moto. Siku hiyo ilishika saa nne asubuhi, shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipoingia kibandani ameshika tableti kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Shemeji, njoo uone. Imekuwa mpya. Ukiigusa tu inaitika."

Fundi aliiwasha. Kweli iliitika. Ikamkaribisha, ikamuuliza anatumia lugha gani, kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Sauti za mama ziko wapi?"

Mama yake ndiye aliyemfundisha kushona. Macho yalipofifia hata akashindwa kusoma tepu, bibi yule hakukubali kukaa akingoja kuletewa chakula. Alipima wateja kwa mkono, shibiri na vidole, na hakukosea. Binti, mdomo umejaa pini na mikono kitambaa, hakuweza kuandika wala kujibu vizuri, basi tableti ilisimamishwa kando ya cherehani inase sauti. Mama anapima, anataja, anatia na maneno yake. Mwaka wa pili sasa tangu azikwe, na kila alipokata kitambaa cha mteja wa zamani, fundi alimsikiliza mama kwanza. Siku nyingine alimsikiliza hata pasipo cha kukata.

Shemeji huyu mtaani walimwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kufungua redio ya jirani na ikaongea. Tableti ilipojaa na kuanza kuganda, alijitolea kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Fundi alimwonya mara tatu: kwanza uhifadhi sauti za mama. Naye akaitikia mara tatu.

"Nilihifadhi zote," alisema Injinia. "Nilizinakili kwenye kadi ya memori. Mia mbili na kitu."

"Kadi iko wapi?"

"Humo humo, ubavuni."

Wakaichomoa, wakairudisha, wakatazama. Tupu. Kumbe wakati wa kufuta, tableti ilimuuliza kama ifute na kadi pia, naye, mtu wa kumaliza kazi vizuri, akakubali.

Fundi alitema pini kiganjani, moja moja. "Yaani umechukua akiba yangu, ukaiweka stoo ya nyumba uliyokuja kuichoma."

"Shemeji, si vipimo tu? Wateja wapo, watapimwa upya. Na tepu siku hizi..."

"Toka."

"Nasema tu kwamba..."

"Nina mkasi mkononi. Toka nikiwa bado nakuita shemeji."

Akatoka. Mumewe akapiga simu kutuliza mambo, akasema ni bahati mbaya. "Bahati mbaya haina kidole cha kubonyezea," fundi akamjibu, akakata. Akarudi kwenye cherehani, akaunga mkono wa blauzi nyuma mbele. Alikuwa akiufumua, meno yameumana, ndipo alipomkumbuka Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mteja. Miaka mitatu nyuma alirudisha sketi akidai imembana, eti kikongwe anapima kwa kukisia. Fundi, kwa kumkomoa, akamtumia kwenye simu yake ile sauti ya mama akimpima. Tangu hapo hawakusalimiana. Wakikutana, mmoja huvuka barabara.

Sasa, mtu mwenye hasira huweza kwenda kokote isipokuwa kuomba. Fundi alifunga kibanda, akaenda, njia nzima akimtukana Injinia moyoni ili asifikirie atasema nini akifika. Alimkuta Mwalimu barazani akisahihisha madaftari.

"Umekuja kunikisia?"

"Nimekuja kuomba. Ile sauti ya mama. Zangu zimefutwa zote."

"Ile ya kunitukana?"

"Hiyo hiyo."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Ninayo. Nilisema siku tukigombana tena niwe na ushahidi." Akaitafuta, akaifungulia.

*Kiuno, shibiri tano na vidole vitatu. Mwalimu, acha kuvuta tumbo ndani, mwanangu, nguo haidanganywi. Na wewe huko, toa pini mdomoni, ipo siku utazimeza.*

Fundi alijishika midomo. Mwalimu akafungua daftari alilokwisha kulisahihisha, akalifunga.

"Vilikuwa vidole vinne," alisema. "Nilivuta." Akamtumia.

Fundi hakungoja afike kibandani. Palepale njiani alimtumia dada yake, mumewe, muuza vitambaa, wateja wote waliomo kwenye simu. Injinia alimruka. Jioni Injinia akaja hadi mlangoni, akasimama mguu mmoja nje.

"Nasikia umepata moja. Lete simu niihifadhi vizuri."

"Iguse uone."

Hakuigusa. Nyuma yake akatokea Mwalimu, kanga begani, anahema.

"Umetangaza kiuno changu mtaa mzima. Muuza mkaa ananiita Shibiri Tano."

"Naweka akiba, Mwalimu. Safari hii nimeiweka mbali na wanaojua kufuta."

Injinia akatazama viatu vyake. Mwalimu akageuka aondoke, bado amefura.

"Yangu siifuti," alisema bila kuangalia nyuma. "Na usinisalimie."