Mara Chache ama Mara Nyingi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la fotokopi pale mtaani Bulla Pesa. Mbele yangu, msichana anayesomea saikolojia alikuwa akimhoji mama mwenye duka, naye mama akiendelea kupanga karatasi. Chuoni wanasoma hatua za maisha na afya ya akili, na msichana alikuwa amebakisha mtu mmoja tu wa kuhoji, wa umri wa makamo.

"Makamo ni nani? Mimi bado msichana!" mama akasema. Tukacheka.

"Mama, hizi wiki mbili, umewahi kutamani usiamke tena?"

"Kila siku," akajibu, akigonga karatasi mezani zilingane.

"Kila siku haiko hapa kwenye fomu, mama. Chagua, mara chache ama mara nyingi."

"Basi weka mara nyingi."

Msichana akatia alama. "Swali la nane. Unakula vizuri?"

Ndipo mwanamke muuza miraa aliyekuwa nyuma yangu akapita hadi ndani ya kaunta, akazima mashine, akamshika mama mkono. "Dada yangu, tangu lini?"

Mama akafunika uso kwa zile karatasi, akalia.

"Lakini mwalimu alituambia tusiongeze maswali," mwanafunzi akaninong'oneza.

Ni rahisi kumlaumu. Lakini mimi, mtu wa kuandika maneno, nilisimama karibu zaidi na mama yule kuliko muuza miraa. Nilisikia "kila siku" kwa masikio yangu mawili, kisha nikaangalia saa.