Muhtasari wa kikao nilioandika mimi ulivyotaka kumkosesha Neema kinga ya uhamiaji

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Nipo Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, huku Marekani. Nilikuwa katibu wa kamati ya ustawi kanisani kwetu.

Kuna binti, nimwite Neema. Baba yake alimleta huku akiwa na miaka 15, akamfungia pasipoti kabatini na kumfanya yaya wa wadogo zake. Shule alikwenda mzee akipenda. Kipigo hakikukosekana. Alipokaribia miaka 21 akamfukuza, winter, baridi ya theluji, na ndala miguuni.

Sisi tukaitisha kikao. Chai, sambusa, wazee wanne, Neema na baba yake.

"Haya ni ya familia, tuyamalize wenyewe," mwenyekiti akasema.

Nikaandika: binti amesamehe, amerudi nyumbani. Wiki mbili baadaye akafukuzwa tena, safari hii na jino limevunjika.

Nesi aliyemhudumia akamtafutia wakili wa bure. Kumbe ipo kinga kwa mtoto aliyeteswa au kutelekezwa na mzazi: jaji wa jimbo athibitishe kwamba hawezi kurudi kwa mzazi huyo, kisha maombi yafike uhamiaji kabla hajatimiza miaka 21. Neema alibakiza wiki tano. Akikosa, hana makaratasi, na kule alikotoka hana pa kurudi.

Baba, kwa kuogopa jina lake lisichafuke, akatinga mahakamani Minneapolis na muhtasari wangu, una muhuri wa kanisa, kuonyesha kwamba walishapatana. Nikaitwa nieleze.

Jaji, mama mmoja mtaratibu, akaniuliza, "Kwenye kikao hicho, yeye mwenyewe alisema nini?"

Nikasoma kurasa zote mbili. Mwenyekiti alisema. Baba alisema. Wazee walisema. Neema ametajwa mara moja tu: aligawa chai.

"Hakusema kitu," nikajibu. "Hatukumuuliza."

Jaji akasaini uthibitisho. Maombi yakaingia uhamiaji zimebaki siku sita.

Kamati imenitoa, eti nimeaibisha jumuiya. Hivi jino la mtoto wa watu halikuwaaibisha? Nina hasira nao, na zaidi nina hasira na mimi.

Nilichojifunza: mtoto akiteswa, kimbilia wakili, achana na vikao.

Wewe uliye kwenye kamati kama yetu, fungua daftari lako uone mtoto aliandikiwa amesema nini. Halafu uje utuambie hapa.