Kiraka Bila Dirisha

Kiwanja cha Ilomba, hapa Mbeya, nilikiuza mwenyewe, sikumwomba mtu ruhusa. Kilikuwa changu. Marehemu mume wangu Muharami aliniachia kwa maneno mbele ya ndugu zake, na ndugu zake wanajua kwamba ukibishana na Mwantumu unapoteza siku. Nikauza, nikanunua pikapu.

Sababu ninayo. Tangu nikiwa na nguvu nimepeleka chakula Chunya kwa wachimba dhahabu: viazi, kabichi, ndizi, vitunguu. Nilikuwa napanda juu ya malori, nakaa juu ya magunia ya lumbesa kama kuku aliyefungwa miguu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Halafu mgongo ukagoma. Madereva nao wakaanza: "Bibi, kaa nyumbani, kule juu utatufia." Mtu akishakuambia utamfia, safari zako na yeye zimeisha. Nikabaki kwenye chumba changu cha kupanga hukohuko Ilomba, nahesabu mbao za dari.

Mwanangu Anwari ni mwalimu Iringa. Mtoto mzuri, sina la kumsema. Lakini kila akipiga simu wimbo ni uleule. "Mama, njoo ukae na sisi. Chumba kipo. Mwanaidi atakupikia." Mwanaidi ni mke wake. Mimi nipikiwe! Mimi niliyelisha machimbo mazima, nikakae kwenye kochi la mkwe nisubiri kuitwa, mama uji umepoa, mama usiguse sufuria ni ya moto. Nikaona mambo ni mawili tu, gari au kochi.

Pikapu niliipata hukohuko Iringa, kwa mtu anaitwa Vitus. Alikuwa akijenga mahoteli Unguja, akarudi kwao Kihesa na gari yake, ina namba za Zanzibar, zile zinazoanza na Z. Gari ya Zanzibar ikija bara ni mgeni. Inapewa kibali cha muda, na kikiisha lazima ulipie kodi iliyopungua, gari ikaguliwe, ivishwe namba za bara. Vitus hakunificha kitu.

"Kamwene, mama," alisema. "Gari ni nzima, ila nakuomba. Ukifika Mbeya, jambo la kwanza ni namba. Kibali kinakaribia kuisha. Ukimaliza namba ndiyo ufanye mengine."

"Mengine yapi?"

"Springi hizi laini, zimezoea kubeba vigae. Na chumvi ya kule imeanza kula chesisi, huku kulia."

Akainama akanionyesha. Chesisi ndiyo mifupa ya gari, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Cha kulia kilikuwa kinabanduka maganda kama muhogo uliochemka.

Sasa, kwetu sisi watu wa asili ya pwani, hata tuliozaliwa kwenye baridi hii, biharusi hatolewi nje kabla hajasingwa. Anawekwa ndani, anasuguliwa, anapakwa, anavishwa, ndipo watu wanaitwa wamwone. Hakuna mwanamke mwenye akili anayemtoa biharusi na majivu ya jikoni miguuni, eti watu wamwone kwanza halafu akaoge. Nikajisemea, gari yangu haiendi kuchunguliwa na wanaume wa ofisini ikiwa imelegea na kutu imeijaa. Itaonwa ikiwa imekamilika. Mpaka leo nauliza, kosa hapo liko wapi?

Nilipofika Mbeya nikaipeleka gereji ya Mwanjelwa kwa Isakwisa, fundi wa kuchomelea, mtu wa Tukuyu, mikono kama majembe. Akaongeza springi. Akabadilisha shokapu. Akainua bodi kwa mabomba ili magunia yasimwagike kwenye makorongo ya Chunya. Ikabaki chesisi. Akaniambia dawa yake ni kuivisha bamba la chuma kipya kutoka mbele mpaka nyuma, upande wa kulia wote.

Nilikuwa nimekaa pale juu ya tairi, maana fundi usipomkalia anaondoka na spana yake kwenda kwa mwingine. Akatoka chini ya gari, anafuta jasho.

"Mama, huku mbele karibu na gurudumu kuna namba imepigwa kwenye chuma. Nikipitisha bamba litaifunika. Niache dirisha hapa, kama kiganja tu."

"Dirisha la nini?"

"Namba ionekane, mama."

"Mbele ya gari kuna namba, nyuma kuna namba. Unataka na ubavuni? Chuma kipya nimenunua kizima, wewe unataka kukitoboa. Ulishaona mtu anashona kiraka chenye tundu?"

"Lakini mama..."

"Isakwisa, wewe ni fundi au ni mwalimu? Nina mwalimu mmoja tayari, ananitosha."

Akacheka, akarudi chini. Nikaona moto wa kuchomelea unaruka, nikafurahi. Lilipotoka pale lilikuwa pikapu la kiume, limesimama nyuma juu kama jogoo.

Karatasi nilimpa Liberatus, wakala wa mambo ya magari, kijana mwembamba anayetembea haraka kuliko anavyosema. Tukapeleka gari kwenye uwanja wa ukaguzi. Nikajifunga kanga yangu mpya. Na mkaguzi mwenyewe hakuwa mwanaume. Alikuwa afande Bertha, mwanamke wa makamo, ovaroli ya bluu, tochi mkononi. Akafungua boneti, akaandika. Akaingia chini na kitambaa, akakaa sana. Akatoka.

"Bibi, namba ya chesisi iko wapi?"

"Si hiyo hapo mbele, mwanangu?"

"Hiyo ni ya barabarani, inabadilishwa. Nataka ile gari iliyozaliwa nayo."

Liberatus akaniangalia. Mimi nikaangalia milima.

"Iko ndani," nikasema. "Chini ya bamba. Iko salama."

Afande hakucheka. "Bibi, wanaoiba magari ndivyo wanavyofanya. Wanafunika namba kwa chuma. Sisemi wewe ni mwizi. Lakini gari hii haitoki hapa. Kama namba haipo au haisomeki, haisajiliwi, na linafunguliwa jalada la wizi. Hapo gari si yako tena."

Nilishika bomba la bodi, lile nililolipia mwenyewe, nikasimama, maana sikai chini mbele ya watu. Lakini ndani nilikuwa nimeshakaa. Kiwanja kimekwenda. Gari inakwenda. Nikaliona kochi la Iringa limenifungulia mikono.

Nilikwenda Mwanjelwa kwa miguu, sijui kwa nini. Nikamkuta Isakwisa anakula.

"Njoo ukate," nikamwambia.

Hakuuliza nikate nini. Hakusema nilikuambia. Angesema, pengine ningempiga na lile bakuli lake la maharage. Aliacha chakula, akachukua grainda yake ya kukatia chuma.

Tukapewa ruhusa kukatia palepale uwanjani, afande anaangalia. Anwari naye alikuwa amefika kutoka Iringa, Liberatus alimpigia bila kuniuliza. Alisimama pembeni na koti lake la ualimu.

"Mama, hata ikisomeka, haya mambo yamekuchosha. Turudi nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

"Iringa, mama."

"Iringa ni kwa Mwanaidi. Kaa kimya fundi asikie mkono wake."

Maana kazi ilikuwa hiyo. Grainda ikizama kidogo tu zaidi ya bamba, inakula namba yenyewe, na hapo ni mimi nimeifuta kwa mikono yangu. Isakwisa alilala chini kwenye kipande cha boksi. Chuma kikalia. Cheche zikamwangukia kifuani, hakujikuna. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni utotoni, na zilipoisha nikaanza upya. Bamba likaanguka na kishindo.

Akasugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Namba zikaanza kutokea, moja baada ya nyingine, kama watoto wanaotoka mafichoni. Afande alikuwa anazisoma kwa sauti na kuandika. Kadi ya gari, yenye namba hiyohiyo, ilikuwa mkononi mwa Liberatus, lakini hakuiomba. Alisema wao wanasoma chuma kwanza, kadi baadaye, ili jicho lisidanganywe.

Akasoma, akasoma, akafika ya mwisho. Akageuza tochi huku na huku.

"Hii haisomeki. Chumvi imekula, na moto wa kuchomelea umemwagikia juu."

Mimi shule nilisoma la pili tu, lakini namba hazijawahi kunishinda, nimeishi sokoni. Nikavua ushungi nikautandika, nikaingia chini ya gari. Anwari akapiga kelele, "Mama!" Sikumsikiliza. Nikapitisha kidole kwenye ile namba. Nikasikia mstari wa kushuka, na juu yake mkono umelala.

"Saba," nikasema. "Ni saba. Andika."

"Una uhakika, bibi?"

"Kidole changu kinajua pesa bandia gizani. Saba! Andika twende zetu."

Afande alikuwa na kalamu juu ya karatasi. Nikamwona Liberatus ameugeukia ukuta wa uwanja kama mtu aliyeona kitu cha ajabu kule. Kalamu ikakaa juu vilevile. Kisha akaifunga.

"Serikali haisomi kwa kidole, bibi. Yupo mtaalamu wa makao makuu, ana dawa ya kupaka chuma, namba iliyofutika inaonekana. Akija huku ataitazama."

"Anakuja lini?"

"Akija."

Nilimwita afande Bertha majina ambayo sitayaandika hapa. Mwanamke mwenzangu, ameona namba zote, amekwama kwenye moja! Alifunga geti.

Basi nikaenda Iringa. Si kwamba nilishindwa, chumba cha Ilomba mwenye nyumba alikuwa anakitaka, nami sikuwa na cha kumpa zaidi ya maneno. Nilibeba mfuko mmoja. Mwanaidi alinipokea vizuri sana, na uzuri wake ndio ulioniumiza.

"Mama, nikutundikie nguo kabatini?"

"Ziache mfukoni, mwanangu. Sikai."

"Mama, uji umepoa."

Nikanywa uji. Nilikaa kwenye lile kochi, ufunguo wa pikapu nimeufunga kwenye pindo la kanga, nausikia kila nikigeuka. Mvua zikaanza. Nikawaza gari yangu iko kule inanyeshewa, ubavu wake umefunuliwa, kidonda wazi, na kutu haina subira. Nikawaza mtaalamu atafika akute hata hizo namba zilizosomeka zimeliwa. Nikiomba nisaidie kuchambua mboga, Mwanaidi ananinyang'anya kisu kwa heshima. Anwari alikuwa akitoka shule anakaa karibu yangu, anasahihisha madaftari. Siku moja nikamsikia anamwambia mkewe jikoni, "Taratibu atazoea." Neno hilo lilinikata kuliko grainda. Nikaona kweli, watu huzoea. Mfuko nitaufungua, nguo zitaingia kabatini, na Mwantumu wa Chunya atakuwa bibi wa kwenye kochi anayesimuliwa na watu. Nililia kwenye kanga, peke yangu, mkwe yuko sokoni. Mara moja tu.

Simu ya Liberatus ilikuja nikiwa nimeshaacha kuisubiri.

"Bibi, imesomeka! Mtaalamu amepaka dawa, namba imetoka safi. Na inafanana na kadi. Gari ni yako, njoo tumalize!"

Nikakaa, nikashika ufunguo. "Alhamdulillahi. Saba, si nilisema?"

Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Moja, bibi."

"Moja nini?"

"Namba ya mwisho. Ni moja. Na kwenye kadi ni moja. Siku ile ulivyosema saba mimi niligeukia ukuta, kadi naiona mkononi. Angeandika saba, chuma na kadi vingepishana, pale pale gari ingehesabiwa ya wizi. Yule mama amekuokoa, bibi."

"Labda ilikuwa saba, chumvi ikaila juu."

"Chumvi haili saba ikawa moja, bibi."

"Wewe ulishaishi Zanzibar?"

"Sijaishi."

"Basi."

Mwanaidi aliniuliza kama aniandalie chakula cha njiani. Nikamwambia sina muda. Akaniandalia hivyo hivyo, nami nikakichukua.

Namba za bara zimeshapigiliwa, nyeusi juu ya njano, zinang'aa. Niliposaini kwa afande Bertha nilimwachia fungu la ndizi mezani, nikamwambia zimenizidi. Akaniangalia, akasema ofisini haruhusiwi kupokea kitu. Nikaziacha kwa mlinzi wa geti, nikamwambia ale na atakaye.

Ila gari haiwezi kubeba hata debe la viazi ikiwa na chesisi iliyovuliwa bamba. Wiki hiyo hiyo nilirudi Mwanjelwa, nikakalia tairi langu lilelile. Isakwisa alikuwa ameshapima bamba jipya, ameliegemeza kwenye ubavu wa gari, chaki mkononi. Akafika mbele karibu na gurudumu, akasimama. Hakuthubutu kuchora.

"Mama," akaniita. "Hapa niache dirisha?"

Wachimbaji wa Chunya walikuwa wananisubiri, nami nilikuwa na haraka.

"Fundi ni wewe," nikamjibu. "Unaniuliza mimi?"