Siku Kumi na Nne za Sentimita

Wifi yangu tulimwita Sentimita, na hakuna aliyemwonea. Ukiingia mlangoni anakutajia kiuno chako kabla hujamaliza salamu, kisha anakuzungushia futi kwa adabu tu, usije ukasema kakukisia. Tulikuwa na chumba kimoja cha kazi na cherehani mbili zilizoelekeana. Yangu ilikuwa karibu na dirisha kwa sababu ya macho yangu mabovu, na yake karibu na meza ya kukatia. Tulishona sare za wanafunzi, za walinzi, na za wauguzi wa kituo cha afya kilichokuwa mtaa wa pili. Alikuwa ameolewa na kaka yangu miaka kumi na moja, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema neno "nimekosea".

Sisemi hivyo kumsifu. Suruali ikimbana mteja, basi mteja kanenepa. Zipu ikikwama, zipu ndiyo mbovu. Siku moja alikata shati likatoka na mikono miwili ya upande wa kushoto, akaniambia mimi ndiye niliyemkunjia kitambaa vibaya, na mimi siku hiyo sikuwepo kazini. Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi kweli. Alikuwa na daftari la jalada gumu lenye vipimo vya mtaa mzima, na kwenye kurasa za nyuma aliandika kwa wino mwekundu tarehe zake mwenyewe za mwezini. Nimejuaje? Mimi ni mmbea, na sitaki kujitetea.

Mtoto hakuwa naye. Alikuwa amepoteza mimba mbili, ya kwanza katika wiki ya kumi, ya pili katika wiki ya kumi na moja. Zote mbili alishaanza kliniki na kuandikiwa kadi, na kadi zile alizikunja akazificha ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa. Ilipotoka ile ya pili, kaka yangu alikaa nje ya nyumba kutwa nzima akinoa mikasi yetu yote, hata ile ambayo haijawahi kukata kitu. Tangu siku hiyo jiwe la kunolea likisikika, naacha kazi nichungulie nje.

Basi asubuhi moja nikamwona Sentimita anabeba robota la kitambaa kipya analitoa nje, pua kaifunika kwa kiganja. Mtu ambaye alikuwa akinusa kitambaa dukani kabla ya kukinunua! Nikasimamisha mashine.

"Wifi, una mimba."

"Fyata ulimi."

"Ya muda gani?"

"Wiki nane na siku tano." Hata daftari hakulifungua.

"Na kliniki umeanza?"

"Siendi. Nikifika mwezi wa tano nitakwenda. Zile mbili nilikimbilia kadi, na wino haujakauka, mimba ikatoka."

"Kwa hiyo kadi ndiyo iliyozitoa?"

"Sijasema kadi ndiyo iliyozitoa. Nimesema siendi."

Niliogopa, niseme kweli. Mara ya pili ilipotoka alivuja damu mpaka midomo ikawa myeupe, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika. Sasa alitaka kukaa na mimba miezi mitano bila mtu wa kumwangalia, kwa ajili ya wino. Nikaona afadhali anichukie.

Siku nne baadaye akaja mkunga wa kituo kujaribu sare yake mpya, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye hana haraka hata moto ukiwaka. Sentimita alipiga magoti akimwekea pindo, pini nne kazibana mdomoni. Nikaona hapa ndipo mahali pake.

"Hivi, mama mkunga," nikasema, "mwenye mimba anatakiwa aje kliniki lini kwa mara ya kwanza?"

"Kabla ya wiki ya kumi na mbili. Na kama aliwahi kupoteza, asingoje hata hiyo. Kwani nani?"

Sentimita alinitazama kwa macho ambayo nayakumbuka mpaka leo, lakini na zile pini mdomoni angesema nini? Mkunga akamtazama aliye magotini, akanitazama mimi, akarudi kwake.

"Fundi," akasema taratibu, "toa hizo pini."

Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wa sindano. Nikamweleza mkunga yote, zile mimba mbili na habari ya kadi. Akavuta kiti, sare yake ikiwa na pindo upande mmoja tu.

"Kadi haimtoi mtu mimba. Ukija mapema nakupima presha, mkojo, wingi wa damu na kundi lake, ili likitokea jambo tusianze kubahatisha. Wengine nawapeleka ultrasaundi karibu na wiki ya kumi na mbili, halafu tena karibu na ya ishirini kuangalia viungo. Wewe umepoteza mbili, sikungojeshi. Kesho uje, upige picha ya mapema."

Kesho yake Sentimita akaenda. Mimi nilimfuata nyuma bila kualikwa, na njia nzima hakunisemesha.

Chumba cha picha kilikuwa na pazia la kijani, kitanda cha plastiki na skrini iliyomwelekea mpimaji. Sentimita alitaja tarehe yake ya mwisho ya hedhi, akaongeza mwenyewe kwamba hiyo ni wiki ya tisa na siku tatu. Mpimaji, kijana mwenye miwani, akaendelea na kazi akiwa kimya. Akabonyeza. Akasogeza kifaa. Akabonyeza tena. Nilijua kimya kile kibaya, maana hata sisi mafundi hunyamaza hivyo tukiona nguo ya mtu imeharibika.

"Tarehe una uhakika nayo?"

"Nina uhakika."

"Mzunguko wako unakwenda sawa?"

"Kama saa."

"Naona kifuko cha mimba. Ukubwa wake ni wa wiki tano na nusu hivi. Mapigo ya moyo siyaoni." Akavua miwani akaifuta. "Kwa wiki tano na nusu si ajabu kutoyaona. Kwa wiki tisa yangetakiwa yaonekane. Siwezi kukuambia iko hai, na siwezi kukuambia imekufa. Urudi baada ya siku kumi na nne."

Mkunga naye hakumficha. Alisema ni mawili. Ama mimba imeacha kukua, ama imetungwa baadaye kuliko hesabu, kwa kuwa yai laweza kuchelewa hata kwa mwanamke anayekwenda kama saa, mwili ukipata msukosuko. Damu ikimtoka nyingi au tumbo likimkata, asingoje tarehe.

Tulipofika barabarani Sentimita akasimama.

"Mimi sijakosea, wifi."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile sikucheka, kwa sababu nilielewa maana yake. Kama hakukosea, mtoto amekufa.

Siku zile kumi na nne simwombei hata adui. Akienda msalani, nilikuwa naondoa mguu kwenye pedali, nasikiliza. Akirudi anatikisa kichwa: hakuna damu. Naendelea kushona. Mara nyingine mshono unakwenda upogo na sioni, na yeye hata hanisuti, na huko kutosutwa kuliniogopesha kuliko yote. Kazi yake ilikuwa safi kupita kawaida. Alishona kola sitini za sare za shule, kila moja sawa na mwenzake, macho makavu.

Siku ya sita nikamkuta amefungua daftari nyuma, kidole kwenye ile tarehe nyekundu.

"Mwezi ule," nikasema, "si ndio mama yako alilazwa? Si ulilala kwenye benchi la wodi siku tisa, huli, husinzii? Mkunga kasema msukosuko."

"Usinishonee matumaini."

"Basi kosea!" Nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa anakuja akageuka mlangoni. "Miaka kumi na moja unatuambia hukosei! Mara moja tu, mwanamke wewe, kosea!"

Akalifunga daftari polepole. "Unadhani sijaribu?" akasema. "Kila nikiamka najiambia nimekosea. Siamini, wifi. Sijui namna yake."

Nikaenda mlangoni kumpokea yule mteja.

Siku ya tisa akatoka msalani hakutikisa kichwa. Lilikuwa tone moja tu, la rangi ya hudhurungi. Tulikwenda kituoni karibu tunakimbia, mimi na futi yangu shingoni. Mkunga akampima, akamgusa tumbo, akasema damu haiendelei na mlango wa kizazi umefunga. Tone kama lile laweza kuwa dalili na laweza kuwa si kitu. Zimebaki siku tano. "Siku tano" aliitamka kama jambo dogo, nikatamani kumrushia kiti.

Siku ya kumi na moja nikasikia jiwe. Kaka yangu kakaa nje kwenye ngazi, mkasi mkubwa mapajani, ananoa. Nilitoka nikamnyang'anya mkasi na jiwe.

"Bado hajafa mtu hapa!" nikamwambia.

Akanitazama, mikono bado imekaa kama inashika mkasi. "Sijui nifanye nini na mikono, dada," akasema. Nikakaa kando yake, jiwe mapajani mwangu.

Siku ya kumi na nne tulikwenda watatu. Kaka alibaki kwenye benchi la koridoni, mimi nikaingia. Pazia lile lile, kijana yule yule. Sentimita alilala akageuzia uso ukutani, akanipa mkono. Kijana akaanza. Kimya. Akabonyeza. Nilianza kuhesabu mikunjo ya pazia kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Nilifika kumi na saba.

Akageuza skrini.

"Tazama hapa, mama."

Katikati ya weusi kulikuwa na kitu kidogo, labda ukubwa wa kifungo cha shati, na ndani yake palikuwa pakicheza. Pakicheza haraka, bila kupumzika.

"Hayo ni mapigo. Ukubwa ni wiki ya saba na siku nne."

"Kwa hesabu yangu," Sentimita akasema, "leo ni wiki ya kumi na moja na siku tatu."

"Ndiyo. Lakini amekua vizuri kabisa kwa hizi wiki mbili. Mimba hii ilitungwa baadaye."

Alikodolea macho ile skrini. Kisha akanibana mkono mpaka pete ikaniingia.

"Nimekosea," akasema. Halafu kwa nguvu zaidi, machozi yakimwingia masikioni kwa vile alikuwa kalala chali, "Wifi, nimekosea! Nimekosea, jamani!"

Neno hilo nililingoja miaka kumi na moja nipate kumcheka nalo. Nililia kuliko yeye. Nje benchi likagonga ukuta, nikajua kaka kasimama.

Mkunga hakutupa sherehe. Alisema bado ni mapema, kwamba wiki zile za kumi na kumi na moja zilizomtesa sasa ziko mbele yake tena, na picha nyingine ni wiki ya kumi na mbili. Hofu ikarudi kukaa mahali pake, ila safari hii ilikuwa na mwenzake, matumaini. Mkunga akachukua kadi mpya, akashika kalamu.

"Niandike tarehe ipi, ya daftari lako au ya picha?"

"Ya picha," akasema Sentimita.

Tulipotoka hakuikunja. Alisimama koridoni kati yangu na kaka, kaishika kadi kwa ncha za vidole, anaipuliza taratibu, mpaka wino ulipokauka kabisa, ndipo akatuambia twende.