Nani yumo kwenye waifai yangu?

Jamani, kuna mtu yumo kwenye waifai yangu, na sio mmoja.

Mnajua mitihani ya shule naitungia nyumbani, kwenye kompyuta hii hii. Asubuhi nikaangalia vifaa vilivyounganishwa: sita! Hapa tunaishi wawili tu, mimi na mama mkwe aliyekuja kutoka Nkunga, na simu yake ni kitochi.

Nikabadilisha paswedi. Nikaiandika kwenye karatasi, nikabandika mlangoni mwa friji nisije nikaisahau.

Jioni naangalia, sita tena.

Nikachungulia dirishani. Jirani yuko ng'ambo ya ua, kaegemea mgomba, anacheka na simu. Nikasema leo ndiyo leo. Nikatoka nimekunja sura.

Kabla sijafungua mdomo: "Ndaga fijo, mwalimu! Asante sana. Hii mpya ina kasi kweli."

Mpya? Nani kakupa?

Mama mkwe akajibu kutoka jikoni, wala hana wasiwasi: "Nimempa mimi ile karatasi akanakili. Kaleta mkungu wa ndizi, ningemrudisha mikono mitupu?"

Kumbe ndizi nilizokula mchana ndizo hizo. Na niliongeza sahani.

Nimebadilisha tena, safari hii sijaandika popote. Nimemwambia mama kwamba mitihani ya watoto imo humu. Kaitikia haraka mno, mpaka nina mashaka naye.

Na sasa hivi mlangoni kuna mama nisiyemjua. Ana ndoo ya maparachichi, anamuulizia mama mkwe.

Nimfungulie?