Chura wa Profesa Argañaraz

Nélida Yapura alikuwa mhariri wa jarida la elimu ya wanyama la chuo kikuu pale Tucumán, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Asubuhi alifundisha. Mchana, mji mzima ukiwa umefunga madirisha na kulala kwa sababu ya joto, yeye alikuwa akiwabembeleza wataalamu wasome makala za wenzao na kusema kama zinafaa. Wengi hawakujibu. Waliojibu walisema wamebanwa.

Jarida hilo lilianzishwa na Profesa Eulogio Argañaraz, yule yule aliyemfundisha Nélida kumshika chura bila kumuumiza. Sasa alikuwa mstaafu na mjane. Kilichombakia duniani ni misitu ya milimani na rafiki yake Rolando Coria, mtaalamu mwenzake wa vyura. Kila Jumapili walikunywa pamoja mate, chai chungu ya majani ya kwao, wakibishana juu ya mpira na juu ya vyura kwa ukali ule ule.

Mwaka mmoja Profesa akaleta makala: amegundua aina mpya ya chura. Nélida akaliondoa jina la mwandishi, akaituma kwa wahakiki wawili wa mbali. Hakumpelekea Coria, maana urafiki wao ulijulikana hadi sokoni.

Wahakiki wote wawili wakaikataa. Si aina mpya, walisema, ni chura anayejulikana ila bado mchanga, rangi yake haijakomaa. Mmoja akaongeza kwamba mwandishi arudi darasani. Sentensi hiyo Nélida aliifuta. Yaliyobaki aliyapima tena na tena, akaona ni ya kweli, akampelekea mwalimu wake.

Kesho yake Profesa akaingia ofisini, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwanangu, ni Coria aliyeikataa, siyo?"

"Profesa, unajua siwezi kumtaja mhakiki. Sheria hiyo uliiweka wewe mwenyewe."

"Nataka ndiyo au hapana."

"Nikikwambia si huyu, utaniuliza yule. Mwishowe atabaki mmoja."

"Basi ni yeye. Hayo maneno ya rangi kutokomaa ni yake, kanitania nayo miaka. Anakula empanada zangu za nyama, halafu ananichinja gizani!"

Jumapili Coria alibisha hodi kwa Profesa, mlango haukufunguliwa. Akamwendea Nélida.

"Yule mzee kachanganyikiwa. Hebu mwambie si mimi, bwana!"

"Wewe hukumwambia?"

"Nimemwambia. Ananiita mwongo."

Nélida akakataa. Leo akimtoa huyu, kesho atamtoa nani? Wataalamu wa vyura ni wachache, na nani atakubali tena kuhakiki akijua jina lake linaweza kuvuja? Alijipa moyo kwamba hasira zitapoa.

Hazikupoa. Majira ya baridi yalipoingia, Profesa akaugua mapafu. Nélida alimkuta hospitalini amepungua hata shuka lilionekana zito juu yake. Akaivunja sheria.

"Coria hata hakuiona makala yako, Profesa. Naapa."

Mzee akamgeuzia uso.

"Kakutuma?"

"Hapana, jamani!"

"Nilipokuomba ulinyamaza. Leo nakufa, ndiyo unanibembeleza kama mtoto." Akageukia ukutani. "Nenda kafundishe, Nélida."

Alifariki kabla michungwa ya mitaani haijachanua. Mazishini Coria alisimama nyuma kabisa, karibu na wauza maua, akaondoka kabla jeneza halijashushwa.

Miezi ikapita. Ikaja makala nyingine ya vyura, na karibu wote waliofaa kuisoma walikwisha kataa. Nélida akampigia Coria.

"Nisamehe, Nélida," akasema yule mzee. "Mimi mambo ya kuhakiki nimeacha."

"Ni kwa sababu yangu, Don Rolando?"

Coria akakata simu. Nélida akaitazama makala ile bila kuisoma, halafu akaanza kutafuta jina lingine.